Mama na baba wa ndizi: nasaba ya mgomba ilivyosomwa kwenye DNA

Ndizi nyingi tunazokula ni chotara zisizo na mbegu. Mkulima hung'oa chipukizi, hulipanda shimo jingine, na mgomba uleule huendelea karne baada ya karne. Utaratibu huo humfaa mkulima lakini humtatiza mtafiti. Anayetaka kuunda aina mpya inayostahimili magonjwa ni lazima ajue aina za zamani zilizaliwa na nani, na migomba hiyo haina vyeti vya kuzaliwa. Watafiti wa CIRAD, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, walilitatua tatizo hili kwa sehemu kubwa. Ubora wa kazi yao umo katika mpangilio wa hatua.

Seli ya mmea huhifadhi DNA mahali patatu: kwenye kiini, kwenye kloroplasti na kwenye mitokondria. DNA ya kiini hutoka kwa wazazi wote wawili na huchanganywa upya kila kizazi. Ile ya kloroplasti, katika mimea mingi inayotoa maua, hutoka kwa mama peke yake na hupita bila kuchanganywa. Kwa hiyo ukiipima kwa chotara, unamjua mama. Ila si mimea yote inayofuata kanuni hiyo: misonobari, kwa mfano, hurithi kloroplasti kutoka kwa baba. Mtafiti asiyehakikisha kwanza kanuni ya mmea wake anaweza kumwita baba mama.

Hatua ya kwanza, basi, ilikuwa kuithibitisha kanuni. Fauré na wenzake wa CIRAD walitumia uzao wa michanganyo miwili ambayo wazazi wake walijulikana. Mgomba husaidia hapo, kwa kuwa maua ya kike hukaa kwenye chane za juu za mkungu na ya kiume hufichwa kwenye ua lile jekundu linaloning'inia chini. Mtu huweza kuchukua chavua ya mgomba mmoja na kuipaka kwenye maua ya mwingine kwa mkono. DNA ya wazazi na watoto ilikatwa kwa vimeng'enya vinavyotambua mfuatano maalumu wa herufi za DNA. Vipande hutenganishwa kwenye jeli kwa nguvu ya umeme, vidogo vikitangulia na vikubwa vikibaki nyuma, kisha huguswa na kipande cha DNA kilichotiwa alama ili mistari ya kloroplasti au ya mitokondria ionekane. Mistari ya mtoto hulinganishwa na ya wazazi wake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Kloroplasti zilifuata upande wa mama, kama ilivyotarajiwa. Mitokondria zilifuata upande wa baba, jambo ambalo ni nadra sana katika mimea inayotoa maua. Kwa mtafiti wa nasaba hiyo ni bahati kubwa, kwani kila mgomba hubeba alama mbili, moja ya ukoo wa mama na nyingine ya ukoo wa baba, na kupanda kwa machipukizi huzihifadhi zote mbili.

Baada ya hapo ndipo kanuni ilipotumiwa kwa upana. Mwaka 2002 Françoise Carreel na wenzake walichapisha uchambuzi wa sampuli 71 za migomba ya porini, aina 131 za kulimwa zenye seti mbili za kromosomu na aina 103 zenye seti tatu. Aina zinazozaa matunda bila kuchavushwa zilionekana kuhusiana na jamii ndogo mbili za porini, banksii na errans. Watafiti wakaeleza kwamba kitovu cha kwanza cha kilimo cha ndizi huenda kilikuwa eneo la Ufilipino na Guinea Mpya.

Njia hii ina mpaka wake. Cavendish, ndizi inayotawala biashara ya dunia, ina kromosomu 33, yaani seti tatu: mzazi mmoja alitoa 22, mwingine 11. Kloroplasti haiwezi kusema nani alitoa ngapi. Ilibidi kurudi kwenye DNA ya kiini, na mwaka 2005 Raboin na wenzake walionyesha kwamba Cavendish na aina nyingine iitwayo Gros Michel zilipata zile 22 kutoka ukoo mmoja, wa ndizi ziitwazo Mlali. Ndugu wa ukoo huo leo hulimwa Komoro, Madagaska na pwani yetu ya Afrika Mashariki, na tafiti za baadaye zimeiweka humo Mchare ya Kilimanjaro, ndizi ya kupikia mtori.

Maarifa haya yana kazi shambani. Mtafiti anaweza kuongeza maradufu kromosomu za aina ya seti mbili kwa dawa ya kolchisini, kisha akaichanganya na nyingine ya seti mbili na kupata chotara mpya ya seti tatu, akifuata njia ya wazazi wa Cavendish badala ya kubahatisha. Ugonjwa wa Panama wa aina ya TR4, unaoiua Cavendish, ulithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, kwa hiyo haja ipo mlangoni. Kwa kuwa kazi hiyo huanzia kwa aina za zamani, mwenye Mchare kihambani, Mlali Komoro au ndizi ya zamani Pemba asiing'oe yote kwa ajili ya aina ya sokoni. Abakize shina, na vituo vyetu vya utafiti vifike kuchukua machipukizi yake mapema.