Ufundi wa Kujizuia

Wengi huisifu yoga kwa wepesi wa viungo. Mimi nasifu kilicho kigumu zaidi ndani yake: tapas, ufundi wa kujizuia. Patanjali, mtunzi wa Yoga Sutra, aliutaja mwanzoni kabisa mwa sura ya pili ya kitabu hicho, pamoja na kusoma maandiko na kujikabidhi kwa Mungu. Mikao tunayoiona pichani hakuitaja kwa jina hata mmoja.

Mtazame mwanafunzi wa mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar akiwa amesimama wima tu. Nyayo zimegusana, vidole vya miguu vimetandazwa, magoti yamekazwa, mabega yameshushwa. Mpita njia atadhani anasubiri basi. Kumbe ndani kazi imepamba moto: uzito unaegemea kisigino kimoja, anausawazisha; pumzi inakwama, anaiachia; mawazo yamekwenda sokoni, anayaita yarudi. Kesho ataanza tena pale pale. Iyengar, aliyezaliwa Bellur, kusini mwa India, mwaka 1918, aliandamwa utotoni na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwaka 1937 alihamia Pune kufundisha, na hata alipovuka miaka tisini hakuacha mazoezi.

Lakini kujizuia si kujitesa. Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, katika sura ya 17 haimsifu anayeuadhibu mwili kwa ukaidi, wala anayejinyima ili atukuzwe. Tena inauweka ulimi sambamba na mwili na akili: maneno yasichome, yawe ya kweli, yapendeze, yafae. Yote manne kwa mpigo! Kusema kweli watu wanaweza; kusema kweli bila kumchoma mtu ndiko kunakotoa jasho.

Ndiyo maana, kwa Gandhi, naupenda ukimya wake wa kila Jumatatu kuliko mifungo yake mikubwa iliyotikisa India nzima. Ukimya ule haukumshinikiza mtu yeyote. Tarehe 2 Juni 1947, Jumatatu, alikutana na Mountbatten, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India, siku ambayo mpango wa kuigawa India ulikuwa mezani, jambo lililomuumiza kuliko yote. Alijibu kwa kuandika nyuma ya bahasha zilizokwisha kutumika. Alieleza kwamba alipoweka nadhiri hiyo alijiachia ruhusa ya kusema katika mambo mawili: kumhudumia mgonjwa, na kuzungumza na wakubwa kuhusu jambo la dharura. Siku ile ruhusa alikuwa nayo. Hakuitumia.