Ritifaa Si Mpaka wa Neno

Katika kusafisha orodha za majina kwa Python, hakuna uamuzi mbovu kuliko kukabidhi kazi ya herufi kubwa kwa amri title(), kwa kuwa amri hiyo hukuza herufi ya kwanza ya kila neno huku ikihesabu kuwa neno ni kundi lolote la herufi zinazofuatana, na hivyo ritifaa, yaani alama inayokaa juu ya mstari katika ng', huchukuliwa kuwa mwisho wa neno moja na mwanzo wa jingine. Orodha ya Wakenya wa Dallas–Fort Worth au Houston, Texas, ikipitishwa humo, Ng'ang'a hutoka akiwa Ng'Ang'A, jina ambalo hakuna mzazi aliyempa mtoto wake, ilhali ng' ni sauti moja isiyogawanyika.

Kosa hili halina udhuru, kwani nyaraka rasmi za Python zenyewe huonya kulihusu na kuelekeza kwenye string.capwords(), ambayo hukata maandishi kwenye nafasi tupu pekee na kumrudisha Ng'ang'a salama. Tena capwords() ndiyo ya kale: ilikuwamo katika moduli ya string kabla title() haijaletwa pamoja na methodi za mifuatano ya herufi mwaka 2000, na waliotangulia walikuwa wameliweka jambo sawa.

Kuondoa nafasi za pembeni kwa strip() ndani ya kitanzi kifupi cha orodha ni kazi njema.

Dhuluma nyingine ni ndugu ya strip(), yaani lstrip(), ambayo wengi bado huipa kiambishi wakidhani itaondoa neno zima, kumbe hufuta herufi yoyote iliyomo katika kile ilichopewa: "Bi. Bibiana" ikipewa "Bi. " hubakia "biana". Ilibidi kungojea toleo la 3.9, mwaka 2020, ndipo removeprefix(), inayoondoa kiambishi kizima, ikapatikana.

Hata hivyo capwords() nayo haiijui Texas, kwani MCKINNEY, mji ulio kaskazini mwa Dallas, huwa Mckinney, na DESOTO, ulio kusini, huwa Desoto. Kwa hiyo McKinney na DeSoto huandikwa katika kamusi ndogo ya majina yasiyofuata kanuni, na kamusi hiyo hutumiwa mwishoni, baada ya capwords(), kwa sababu ikitangulia, capwords() itaharibu tena kilichokwisha kurekebishwa.