Neno "Nguvu" katika Maelezo ya Mashine za Karakana

Tumeletewa karatasi ya maelezo ya randa ya umeme iliyotengenezwa Marekani na kufikishwa katika karakana moja ya useremala wilayani Muleba. Maelezo hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili kizuri, na mtafsiri anastahili pongezi kwa kutowaachia mafundi maandishi ya kigeni matupu. Hata hivyo, yamo makosa mawili ya istilahi ambayo hatuna budi kuyaeleza, kwani mota ya mashine hiyo imekwisha kuungua.

Kosa la kwanza ni onyo kwamba mashine isitumiwe kwa "umeme wa nchi nyingine". Msomaji wa Bukoba au Muleba ataelewaje onyo hilo? Kwa miaka mingi sehemu hizo zilipata umeme kutoka Uganda, kwa njia itokayo Masaka hadi Kyaka, na mashine zilizonunuliwa Mwanza au Dar es Salaam zikafanya kazi zake huko kama kawaida. Sababu ni kwamba umeme wa nchi hizi mbili unakaribiana: wa Uganda ni volti 240, wa Tanzania ni volti 230, na wote hukamilisha mzunguko wake mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani, ambao randa hiyo iliundiwa, ni volti 120 na mara 60 kwa sekunde. Japani nayo ni nchi moja, lakini mashariki yake hutumia 50 na magharibi 60. Basi mpaka wa nchi si kipimo cha umeme. Zilizopaswa kutajwa ni tarakimu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine.

Kosa la pili ni zito zaidi. Neno "nguvu" limetumika kwa dhana nne ambazo kibati huzitenga kwa alama V, A, W na Hz. Fundi aliyeambiwa kwamba "nguvu ya umeme ilingane" alitafuta transfoma ya kushusha volti 230 hadi 120, akaamini kuwa ametimiza sharti. Lakini transfoma hubadili volti tu. Ile hesabu ya 50 au 60 haiigusi. Mota ya 60 ikipewa 50 huenda kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake. Tena, volti zisipopunguzwa kwa uwiano huohuo, usumaku katika chuma chake huzidi kiasi, mkondo huongezeka na nyaya hupata joto. Pasi isingedhurika kwa tofauti hiyo, mota hudhurika. Ndiyo maana neno moja halitoshi.

Wako watakaosema kwamba kwa alama Hz tunalo neno "masafa". Hatulikatai katika habari za redio, ambako limezoeleka. Lakini katika lugha ya kila siku masafa ni umbali, na fundi anayesoma "masafa 60" ana haki ya kudhani kuwa anaambiwa urefu wa waya. Sisi tunapendelea "marudio", kwa sababu linaeleza tendo lenyewe: umeme huenda, hugeuka, hurudia.

Isidhaniwe kwamba tunadai kila dhana iwe na jina moja tu. TANESCO humwandikia mteja "njia tatu", na fundi husema "fezi tatu". Hapo hapana hasara, kwa kuwa majina mawili yanaelekeza kwenye kitu kimoja. Hasara huja pale jina moja linapoelekeza kwenye vitu vinne.

Kwa hiyo tunapendekeza: V iwe volteji, ipimwe kwa volti, A iwe mkondo, kwa ampea, W iwe nguvu, kwa wati, na Hz iwe marudio, kwa hezi. Onyo lenyewe lingesomeka hivi: "Mashine hii itumiwe kwa umeme wa volti 120 na marudio 60 tu. Transfoma haibadili marudio."

Walimu wa shule za ufundi na watafsiri wa idara mbalimbali tunawaomba wayajaribu maneno haya mbele ya mafundi wenyewe, kisha watuletee maoni yao. Istilahi ya karakana hukubaliwa kwanza na yule ambaye mkono wake uko kwenye swichi.