Mzabibu Mmoja, Misimu Miwili, Maradhi Mawili

Mashamba ya zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: kati ya Februari na Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, na kati ya Agosti na Septemba, ardhi ikiwa imekauka. Hapa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Mkulima akipogoa, macho huamka, na miezi minne hivi baadaye anakata vichala. Kwa hiyo siku ya kupogoa ndiyo inayoamua maua yatakutana na hali gani ya hewa, na hali ya hewa ndiyo inayochagua ugonjwa.

Mavuno ya kwanza hukulia mvuani, na adui wake mkuu ni ubwiri vinyoya. Kimelea chake huzaliana usiku wenye unyevu mwingi, kisha huogelea ndani ya maji yaliyo juu ya jani hadi kwenye vitundu vya kupumulia. Joto likiwa nyuzi 20 hadi 25, jani kubaki limelowa kwa saa mbili au tatu tu kunatosha kukiingiza. Madoa ya manjano yenye mng'ao wa mafuta hutokea siku kadhaa baadaye, na vinyoya vyeupe upande wa chini. Anayesubiri madoa ndipo apulize dawa ameshachelewa. Dawa za mrututu, zilizoanzia kwenye mchanganyiko wa mrututu na chokaa aliouchapisha mtaalamu wa mimea Millardet huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, hukinga jani kwa nje. Hazitibu lililokwisha kuambukizwa. Lazima zitangulie mvua, na mvua kubwa ikiziosha, zirudiwe.

Mvua zikikatika, wengi hulegeza uangalizi, na hapo ubwiri unga hupata nafasi. Huu hauhitaji jani lililolowa. Mvua ya nguvu hata huuosha. Unapenda joto la nyuzi 20 hadi 27, kivuli, na hewa iliyotuama kati ya majani yaliyosongamana. Mchana wa Juni na Julai mjini Dodoma unaangukia humohumo. Punje ziko hatarini zaidi tangu maua hadi wiki tatu au nne baadaye: zikishikwa, ngozi hukakamaa, nazo zikinenepa hupasuka na kuoza. Salfa huzikinga vizuri, ila ikipulizwa kwenye jua kali huunguza majani. Kupunguza majani yanayozunguka vichala kunasaidia kwa njia tatu: jua linaingia, upepo unapita, dawa inafika.

Funzo hili, kwamba siku ya kupogoa ndiyo inayochagua ugonjwa, linavuka mipaka ya Dodoma. Anayesafiri kutoka Kakesio kupitia Endulen hadi Karatu huacha nyanda kavu, akapanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro ambako mawingu hushuka asubuhi na kulowesha majani hata siku isiyo na mvua, ndipo ateremke Karatu. Jumla ya mvua ya mwaka haimwambii mkulima vya kutosha. Muhimu ni saa ambazo jani hubaki limelowa. Kwa hiyo atakayepanda zabibu Karatu asinakili ratiba ya Dodoma. Achunguze ni miezi ipi majani hukauka mapema asubuhi, apogoe ili maua yaangukie humo, kisha aiweke salfa tayari kwa sababu ukavu nao una ugonjwa wake.