Chuma cha Ugweno

Ukisimama Mata, kule Taveta, ukatazama ng'ambo ya Ziwa Jipe, milima unayoiona ni ya Upare Kaskazini. Huko ndiko Ugweno, kwa Washana, ukoo wa wahunzi ambao masimulizi ya Wapare yanasema ulitawala hadi ulipopinduliwa na ukoo wa Wasuya. Profesa Isaria Kimambo aliieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Utawala huo una wasimulizi wake. Mimi nataka kuisifu kazi ya mikono ya wahunzi hao.

Kazi ilianzia mtoni, kwenye mchanga mweusi wenye chuma ulioteremshwa na mvua. Ulioshwa polepole, mwepesi ukaenda na maji, mzito ukabaki. Yakafuata makaa ya mti mgumu, kwani ya mti laini huisha mapema. Halafu tanuri la udongo, mivukuto ya ngozi ya mbuzi na mabomba ya udongo ya kupeleka upepo motoni. Hapo ndipo ninapovua kofia. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri lile halikufika huko, wala halikuhitaji. Mhunzi alitaka uchafu ndio uyeyuke, uchuruzike kama mavi ya chuma, na chuma kibaki donge. Mkono wa mvukutaji ukilegea, uchafu unaganda humohumo na makaa yote yamepotea bure. Likitoka, donge lilipashwa moto na kugongwa, likapashwa tena na kugongwa tena, mpaka likakubali kuwa jembe au mkuki. Wahunzi wa Uchaga, mafundi wakubwa wenyewe, walipata chuma chao Upare.

Si Upare tu majirani walikofuata chuma. Kusini mwa Korea, enzi za kale, palikuwa na muungano wa Byeonhan, nchi ndogo 12, kila moja na mkuu wake. Chen Shou, mwanahistoria Mchina wa karne ya 3, aliandika kwamba majirani walikifuata chuma chao, nacho kilitumika sokoni kama fedha. Urithi huo leo umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Gimhae.

Washana wanastahili heshima iyo hiyo. Ewe mkulima wa Ugweno, jembe lako likigonga mavi ya chuma au kipande cha bomba la udongo, usikitupe. Weka alama mahali hapo, kisha umwite mwalimu wa historia aje na wanafunzi wake.