Sikukuu Isiyo na Tarehe

Niliwahi kupakana nyumba, pale Wete, na mwalimu mmoja kutoka Bara. Yeye na watoto wake watatu walikuwa Wakristo, na kila ikiingia Disemba nilimwona akihesabu siku kinyumenyume kuanzia tarehe 25: siku ya unga, siku ya kusuka nywele za watoto, siku ya kuchukua nguo kwa fundi. Kalenda yake ilitundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila kazi ilikuwa na kiduara chake. Niliipenda njia ile, nikaijaribu kwa Idi yangu. Haikunifaa hata kidogo, kwa sababu Krismasi inajulikana tarehe yake tangu Januari, na Idi ya Mfunguo Mosi mwenye nyumba huijua baada ya isha ya usiku wa kuamkia sikukuu yenyewe.

Hilo ndilo fumbo la mama wa Pemba mwenye watoto wadogo. Anaandaa nguo, hina, vyakula na zaka kwa siku ambayo ama ni kesho ama ni kesho kutwa. Akiwahi mno, mkate unachacha na watoto wanaamka kudai sikukuu iliyokuwa haijafika. Akichelewa, watoto wa jirani wako njiani na nguo mpya, na wake wako uani wanaogeshwa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizitazama kazi hizi moja moja, nikijiuliza swali lile lile: hii ikisimamishwa siku nzima, itaharibika? Nitaeleza ilivyokwenda nyumbani kwangu Ramadhani ya mwaka 1445, iliyomalizika Aprili 2024. Watoto walikuwa wanne: wa miaka saba, wa mitano, wa mitatu, na mmoja wa kunyonya.

Tuanze na mwezi wenyewe, maana ndio uliopanga kazi zote. Kwa hesabu za wanajimu, mwezi wa Ramadhani ile ulizaliwa tarehe 10 Machi, saa sita mchana kwa saa zetu. Jua lilipokuchwa jioni hiyo ulikuwa na umri wa saa sita na nusu, mchanga mno kuonekana kwa jicho. Kwa hiyo wanaofuata mwandamo wa hapa walianza kufunga Jumanne tarehe 12, na waliofuata tangazo la Saudi Arabia walikuwa wamekwishaanza Jumatatu tarehe 11. Pemba wote hao wapo, na miaka mingine nyumba moja inakula sikukuu huku ya pili imefunga, na watoto wa nyumba hizo mbili ndio wanaotaka kucheza pamoja.

Mwezi wa Mfunguo Mosi nao ukazaliwa usiku wa Jumatatu tarehe 8 Aprili, kwenye saa 3:21, wakati ule ule watu wa Marekani walipokuwa wakitazama jua lao likipatwa. Basi Jumanne magharibi ulikuwa umetimiza saa 21 hivi, umri wa kuonekana. Walioanza tarehe 11 walikuwa wametimiza 30, walioanza tarehe 12 walikuwa na 29, na makundi yote mawili yangeweza kukutana Jumatano. Lakini hesabu haitangazi Idi. Inatakiwa mtu auone, ashuhudie, habari ifike Ofisi ya Mufti, kisha Mufti wa Zanzibar asimame atangaze. Na Aprili ni masika. Wingu moja tu likikaa upande wa magharibi linatosha kuisogeza sikukuu mpaka Alhamisi. Mimi nilitakiwa kuwa tayari kwa zote mbili.

Kazi niliyoanza nayo ilikuwa zaka ya fitiri. Katika madhehebu yetu ya Shafii inafaa kuitoa tangu Ramadhani inapoingia, mradi isipite sala ya Idi. Pishi moja ya chakula cha watu wa mji, yaani mchele, ambayo ni kama kilo mbili na nusu, kwa kila kichwa, na mtoto wa kunyonya naye ana pishi yake. Vichwa sita, kilo 15. Mkubwa nilimpa kibaba apime, vibaba vinne kwa pishi, na wa miaka mitano akawa anataja jina la mwenye pishi kila moja inapojaa. Saa nzima wakatulia mahali pamoja. Mama aliyefunga mwezi mzima huku akinyonyesha anajua saa nzima ya namna hiyo ina thamani gani.

Visheti na vileja vilifuata, usiku wa 20 na wa 21, watoto wakiwa wamelala. Hivi ni vyakula vilivyoundwa kwa kusubiri. Kisheti ni unga wa ngano uliokandwa kwa samli, ukakaangwa mpaka ukauke ndani, kisha ukavikwa shira nzito ya sukari na hiliki. Shira ikishaganda inakuwa kama ganda, na ndani hamna maji ya kuozesha. Adui wake ni unyevu wa masika: ndoo ikiachwa wazi nusu siku, shira inatoka jasho na visheti vinashikana. Kwa hiyo ndoo ilifungwa kifuniko, ikawekwa juu ya kabati, na sikusema iko wapi.

Nguo za kushona ni kazi pekee isiyokuwa mikononi mwangu, ndiyo maana vitambaa nilivipeleka kwa fundi tangu Shaabani. Hilo nilijifunza kwa uchungu, mwaka ambao binti yangu alivaa gauni la zamani Idi mosi nzima kwa sababu la kwake lilikuwa bado limepigwa bandi tu. Jambo jingine ninalomwomba fundi ni pindo nene, vidole vinne. Kati ya Idi hii na ya Mfunguo Tatu kuna siku kama sabini, na mtoto wa miaka mitatu anarefuka. Pindo likifunguliwa, gauni ni lile lile na sikukuu ni mbili.

Sasa hina, ambayo naona wengi wetu tunaikosea hesabu. Wanawake wengi huipaka usiku wa mwandamo, tangazo likishatoka. Ni usiku mzuri, wa furaha, lakini kwa rangi ni usiku mbaya. Hina iliyosagwa kwa majani ya mhina ikibanduliwa asubuhi huwa na rangi ya chungwa, kisha hukolea yenyewe kwa siku mbili hivi mpaka iwe nyekundu iliyoiva. Niliwapaka wawili wakubwa usiku wa Jumapili kuamkia tarehe 8. Ingekuwa Idi Jumatano, rangi ingekuwa kwenye kilele. Ingekuwa Alhamisi, bado ingekuwa nzuri. Naipaka wakiwa usingizini, kwa sababu mtoto macho hakai saa sita na viganja wazi. Nafanya duara katikati ya kiganja na kofia za vidole, basi, kisha nakivika kila kiganja mfuko mwembamba na kuufunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono. Maua ya mashina na majani yatakuja wakikua.

Anayechelewa hukimbilia piko, kwa kuwa inakauka upesi na inatoka nyeusi pale pale. Hapa naomba wazazi wanisikilize. Piko ni rangi ya nywele. Ina kemikali iitwayo PPD, na ngozi ya mtoto ikiikataa hutoa malengelenge, na ikishaikataa mara moja huenda isiipokee tena maisha yote. Binti yangu mkubwa alipakwa piko alipokuwa na miaka minne, na mpambaji ambaye hakuwa na nia mbaya. Siku ya Idi pili mkono wake ulikuwa umevimba kwa kufuata maua yale yale, kila jani na lengelenge lake. Alama zilikaa miezi. Tangu siku hiyo, hina ndani ya nyumba yangu ni ya mhina ulioko uani.

Baba yao hakuwepo kwa kazi nyingi za kumi la mwisho, na sababu nayo ni mwezi. Ni mvuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haiwavuti. Kumi la mwisho la Ramadhani ni mwezi unaokwisha, yaani giza. Wakati nyumba inamhitaji zaidi ndio bahari nayo inamlipa zaidi, na pesa ya nguo inatoka humo humo. Wake za watu wa dagaa wanalijua hili bila kuhesabu.

Tulipokuwa watoto mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi inatembea misimu yote. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi mbili za Mfunguo Mosi, moja Januari na nyingine Disemba, siku chache tu baada ya Krismasi, na kwa hesabu mwaka wa Idi mbili utarudi 2033. Idi za Disemba zilikuja na karafuu. Mama alikuwa akituweka sote chini ukumbini usiku tukichambua, karafuu huku, makonyo huku, na usingizi ulipotuzidi alituambia kila pakacha lina kiatu ndani yake. Watoto wangu wa Aprili hawakupata kuchambua chochote. Walipata matope.

Turudi Jumanne tarehe 9, kwenye mkate wa kumimina. Hapo ndipo mpango wote unapopimwa, kwa sababu mkate huu haukai. Mchele huroweshwa, husagwa na tui la nazi, hutiwa hamira, sukari na hiliki, huachwa uumuke, kisha huokwa kwa moto wa juu na chini. Ukiulaza siku moja kwa joto letu, unachacha.

Mchele niliurowesha saa sita mchana bila kusubiri habari yoyote. Nazi zilikuwa zimekwishakunwa tangu wiki iliyopita na kuwekwa kwenye friza. Friza hiyo ni neema ya waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga na kufika Pemba mwaka 2010. Mama yangu hakuwa na namna ya kuisimamisha nazi iliyokunwa. Mwezi usingeonekana, mchele ungebadilishwa maji, na kesho yake ungesagwa kwa vitumbua vya kufuturia, maana rojo lake na la vitumbua ni ndugu. Hata ukishasagwa una pa kwenda, ndani ya friza. Hamira ndiyo isiyorudi. Ikishaingia, mkate umeanza, na hakuna wa kuusimamisha. Basi kopo la hamira lilikaa mezani limefungwa, nami nikakaa karibu nalo.

Magharibi, baada ya kufuturu, watoto walikwenda na babu yao kutazama upande wa Fundo. Walirudi wakigombana. Wa saba aliuona. Wa mitano hakuuona, akalia, akidhani asiyeuona hatakula sikukuu. Nilimpakata nikamwambia mwezi ukionekana na mmoja ni wa wote. Akauliza, "Hata wa mama wa mtoto?" Nilichukua muda kufahamu kuwa ananiuliza mimi, niliyekuwa ndani na mdogo wake kifuani.

Tangazo lilipotoka, mtaa ulipiga kelele kabla redio haijamaliza sentensi. Nikafungua kopo.

Rojo lilihitaji zaidi ya saa moja. Ndani ya saa hiyo niliogesha watatu, nikanyonyesha mmoja, nikatandika nguo za Idi mosi kwenye kiti cha kila mtu, za chini chini na za juu juu, ili asubuhi wa saba aweze kumvisha wa mitatu bila kuniita. Masufuria matatu yakaingia motoni kwa zamu. Mkate wa kumimina ukifunguliwa kabla ya wakati unabonyea katikati na hauinuki tena, na mimi nimewahi kufungua kwa sababu mtoto ameomba kuona. Usiku ule niliwaahidi makombo ya pembeni iwapo watalala. Wawili walilala. Wa mitano alikaa na mimi, ameegemea gunia la makaa.

Kosa langu la mwaka huo lilikuwa kofia. Niliiweka miongoni mwa kazi zinazosubiri, nikaifua na kuitia wanga Jumatatu, nikaivika juu ya bakuli ikauke na umbo lake. Kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye viua, kazi ya wiki nyingi za shangazi ya watoto. Wakati wa kiangazi ingekauka kwa nusu siku. Masika haikauki: Jumanne usiku ilikuwa bado laini, na wanga umeanza kutoa harufu. Wanga mbichi hauwezi kusubiri, unachacha kama mkate. Hilo sikulijua mpaka usiku ule.

Sufuria la tatu lilipotoka, makaa ya juu ya kifuniko yalikuwa yamebaki na joto jepesi, halichomi. Niliyakusanya jikoni, nikafunika majivu juu yake, nikaliweka bakuli na kofia yake umbali wa mkono. Kila dakika chache nililigeuza robo. Wa mitano alikuwa bado yuko macho, akaniomba aligeuze yeye. Tuligeuza kwa zamu, bila maneno, na mvuke ukawa unatoka kwenye viua vidogo vidogo. Muadhini alipoanza takbira za alfajiri, niliigonga kwa ukucha. Ikalia kavu.