Mikasa Mingi Haifanyi Msuko: Uhakiki wa Filamu ya Little Miss Sunshine

Miongoni mwa mada za insha ambazo sisi walimu wa Kiswahili tumezitoa kwa miaka mingi ni "Safari Nisiyoisahau". Matokeo yake tunayajua. Tairi linapasuka, mvua inanyesha, mizigo inapotea, chui anakatiza barabara, na mwishowe mwanafunzi anaandika, "Tulifika salama." Mikasa ni mingi, lakini ukiuondoa mmoja hakuna kinachopungua. Makala haya yanahakiki filamu moja inayohusu safari ya familia, kwa nia ya kuonyesha tofauti iliyopo baina ya mlolongo wa mikasa na msuko.

Filamu hiyo ni Little Miss Sunshine, iliyotoka Marekani mwaka 2006. Waongozaji wake ni Jonathan Dayton na Valerie Faris, na mwandishi wa mswada ni Michael Arndt. Mwaka 2007 ilipata tuzo mbili za Oscar: moja ya mswada asilia, na nyingine ya mwigizaji msaidizi wa kiume, aliyopewa Alan Arkin aliyeigiza nafasi ya babu. Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki: Olive, binti mdogo wa familia ya Hoover, anapata ghafla nafasi katika mashindano ya urembo ya watoto huko Redondo Beach, California. Kwao ni Albuquerque, New Mexico. Fedha za ndege hazipo, hivyo watu sita wa vizazi vitatu wanapakiana katika Kombi kuukuu ya rangi ya manjano.

Wahusika wamechorwa kwa kupingana. Baba, Richard, anauza mafunzo ya hatua tisa za kufanikiwa, na kwake binadamu ni wa aina mbili tu: washindi na washindwa. Mjomba Frank, msomi wa Proust, ametoka hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Kaka, Dwayne, ameweka nadhiri ya kutosema neno mpaka awe rubani. Babu anatumia heroini. Mama, Sheryl, ndiye anayejaribu kuwashika wote hawa wasitawanyike.

Mkasa mkubwa wa gari ni klachi kufa. Fundi anaeleza kwamba kipuri hakitapatikana upesi, ila gari likisukumwa hadi lishike mwendo linaweza kuingizwa gia ya tatu moja kwa moja. Tangu hapo kila wanapoondoka abiria husukuma, hukimbia, kisha hurukia mlangoni mmoja mmoja. Mwanafunzi wetu ataandika haraka: "Gari ni ishara ya umoja, na umoja ni nguvu." Si kosa, lakini amefika huko mapema mno. Wanaosukuma bado hawajapatana. Dwayne ameandika wazi kwamba anawachukia wote. Kinachowaweka pamoja si mapenzi, ni klachi. Na baba anayewagawa watu katika washindi na washindwa hawezi hata kutoka kituo cha mafuta bila ya bega la shemeji yake aliyekata tamaa. Hakuna mhusika anayelisema jambo hilo. Limo katika kitendo. Hapa fani na maudhui ni kitu kimoja, ingawa sisi hupenda kuvifundisha katika mihadhara miwili tofauti.

Tazama pia jinsi mkasa unavyozaa mkasa. Babu anafariki usiku kwa sababu ya heroini. Hospitalini wanaelezwa habari za fomu na vibali vya kusafirisha maiti kutoka jimbo moja hadi jingine, na muda hauwasubiri. Wanaitoa maiti dirishani na kuilaza nyuma ya gari. Kisha honi inakwama, inalia njia nzima, na polisi anawasimamisha. Katika hospitali hiyohiyo Olive alichukua karatasi ya kupima macho, na ni karatasi hiyo inayofichua kwamba Dwayne hawezi kutofautisha rangi, hivyo urubani umemponyoka. Nadhiri inavunjika kwa kilio. Ondoa kifo cha babu, na Dwayne angebaki kimya.

Mtazamaji wa kwetu atashtushwa na maiti kutolewa dirishani. Katika jamii zetu kumrudisha marehemu nyumbani ni wajibu ambao ndugu na majirani huuchangia fedha. Je, filamu inamdharau marehemu? Kwa maoni yangu, la. Familia hii inakataa kumwacha mzee wao kwa wageni. Udhaifu uko kwingine: huzuni ya Richard kwa baba yake inapewa nafasi ndogo mno, kana kwamba mwandishi aliogopa kicheko kisikatike. Udhaifu wa pili ni sadfa. Frank kukutana, katika kituo cha mafuta cha njiani, na kijana yuleyule aliyemvunja moyo ni jambo lisilotokana na lolote lililotangulia. Hapo mwandishi amefanya kama mwanafunzi wetu na chui wake.

Mwisho, hata hivyo, umeandaliwa vyema. Olive anacheza ngoma aliyofundishwa na babu, ukumbi unashtuka, na msimamizi anataka ashushwe. Familia inapanda jukwaani kucheza naye. Wamekwisha kuzoea kusukuma pamoja; safari hii hakuna klachi inayowalazimisha.

Filamu hii ina matusi na dawa za kulevya, hivyo inawafaa wanafunzi wa chuo kuliko wa sekondari. Somo lake, lakini, linafaa kila darasa la insha. Tunaposahihisha "Safari Nisiyoisahau", tusihesabu mikasa. Pembeni mwa kila mkasa tuandike maswali mawili: umetokana na nini kilichotangulia? Na baada yake, nani hawezi tena kumtazama mwenzake kama alivyomtazama asubuhi? Mwanafunzi atakayekosa majibu na arudishiwe insha yake, amwondoe chui, aanze upya.